Alumini, stenlesi au mapanga manne? Mapitio ya propela za mashine za boti, na kimo cha kufungia mashine

Mtu akinunua propela mpya na boti ikakataa kupanda juu ya maji, yaani kuinuka na kuteleza badala ya kuyalima, lawama zote huangukia propela. Mara nyingi haina kosa. Mashine imefungwa chini mno inakokota mguu wake, ile sehemu ndefu inayoshuka majini, au juu mno inanyonya hewa, au boti ya mzigo imevikwa propela ya boti ya mbio. Ndiyo maana mapitio haya yanaanza na kimo cha mashine kabla ya kufika kwenye alumini na stenlesi. Propela iliyojaribiwa kwenye mashine iliyofungwa vibaya bado haijajaribiwa.

Mashine za kupachika huja na miguu ya inchi 15, 20, 25 na, kwa zile kubwa, 30. Mguu huo lazima uoane na kibao cha tezi, ule ubao wa nyuma ya boti mashine inapofungwa. Kipime wima, kutoka ukingo wa juu mashine inapokaa hadi chini kabisa ya mkuku, uti wa chini ya boti. Usifuate mlalo wa kibao, maana kimelala nyuma kidogo na utapata kipimo kirefu kuliko kilivyo kweli. Mguu wa inchi 20 kwenye kibao cha 15 unazama inchi 5 kupita kiasi: maji yanapanda mguuni na kumwagika ndani ya boti, usukani unakuwa mzito, na mafuta yanakwisha bila mwendo wa maana. Mguu wa 15 kwenye kibao cha 20 ni mbaya zaidi, kwa sababu propela inachapa povu badala ya maji. Kosa hilo halina propela ya kulitibu. Hapo ni kubadili mashine, au kibao chenyewe kifanyiwe kazi na fundi wa boti.

Mguu ukioana na kibao, yanabaki marekebisho madogo, na haya ndiyo yanayosahaulika. Juu tu ya propela kuna bamba bapa lililolala, linalozuia hewa ya juu isivutwe na propela. Tuliite bamba la hewa. Boti ikiwa nchi kavu, weka mashine wima mpaka bamba hilo lilale sambamba na chini ya boti. Chukua ubao ulionyooka wa kama mita moja na nusu, ubane chini ya mkuku uelekee nyuma hadi ufike mguuni. Kwa boti yenye chini ya umbo la V, anza na bamba la hewa likiwa usawa wa ubao au juu yake kwa inchi 1. Boti ya chini bapa anza usawa kabisa. Mashine iliyosogezwa nyuma ya kibao kwa mabano huweza kukaa juu zaidi, kwa sababu maji yakishatoka chini ya boti huinuka. Kadirio linalotumika sana ni inchi 1 ya kupandisha kwa kila inchi 8 hadi 10 za kusogeza nyuma.

Huo ni mwanzo tu. Jibu la kweli linatoka majini. Boti ikiwa imepanda na inakwenda mwendo wake wa kawaida, dereva abaki mbele na mtu mwingine aangalie nyuma, ameshika mahali imara. Kimo kikiwa sawa, bamba la hewa linaonekana, na maji yanateleza juu yake kwa utando mwembamba unaong'aa. Likiwa limezama kabisa, na mchirizi mnene wa maji unaruka juu kando ya mguu, mashine iko chini mno. Likiwa limetoka lote hewani, mizunguko inaruka ghafla boti ikikata kona na mwendo unakufa, iko juu mno. Kabla ya kuishusha, jaribu kwanza kuiinamisha ndani kidogo, mguu ukaribie boti, kwa sababu mashine iliyoinuliwa sana kwa nje huleta dalili hiyohiyo.

Mabano ya mashine nyingi yana safu ya matundu ya boliti yaliyoachana inchi 3/4, yaani milimita 19 hivi. Pandisha au shusha tundu moja kwa mara moja, kisha rudi majini. Mashine ya hospawa 60 ya mipigo minne huwa na uzito unaopita kilo 100, kwa hiyo itundike kwa winchi kabla ya kulegeza boliti yoyote. Mikono ya watu wanne haitoshi wakati mguu unapoteleza. Paka silanti ya boti, ile gundi ya kuzuia maji, kwenye kila tundu na boliti unaporudisha. Maji yakiingia kwenye kibao chenye mbao ndani, mbao huoza kimyakimya na siku moja mashine inaning'inia.

Kila unapopandisha, tazama maji ya kupoozea. Matundu ya kunyonyea maji yako pembeni mwa mguu, chini ya bamba la hewa, na yakianza kuvuta hewa mashine huchemka. Mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya kifuniko ukipungua au ukikatika kwenye kona, umevuka mpaka. Shusha tundu moja, hata kama boti ilikuwa inakwenda vizuri zaidi.

Sasa propela. Namba zilizogongwa kwenye habu, yaani kitovu cha propela, tuseme 13 x 15, ni kipenyo kwanza, pichi ya pili, zote kwa inchi. Pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inajikaza kwenye kitu kigumu, mfano wa skrubu kwenye ubao. Kipenyo usikisumbukie sana: ndani ya aina moja ya propela mtengenezaji mwenyewe hukipanga, kikiongezeka kadiri pichi inavyopungua. Unachochagua wewe ni pichi, idadi ya mapanga, yaani zile bapa zinazosukuma maji, na chuma chake.

Na pichi haichaguliwi kwa jicho wala kwa kuiga boti ya jirani. Inachaguliwa kwa mita ya mizunguko. Kila mashine ina kiwango chake cha mizunguko mafuta yakiwa wazi, yaani yakifunguliwa yote, kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Mathalani 5,000 hadi 6,000 kwa dakika. Ukiwa na mzigo wako wa kawaida, mafuta wazi, mizunguko ifike sehemu ya juu ya kiwango hicho. Kwa mfano huu, 5,700 hivi ni pazuri. Mashine isiyokuwa na mita, nunua kile kidude kidogo ambacho waya wake unazungushwa kwenye waya wa plagi. Ni rahisi kuliko propela yoyote, na bila hicho unanunua kwa kubahatisha.

Pichi ikiwa kubwa mno, mashine inabanwa. Dereva anafungua mafuta yote, mizunguko inakwama 4,500, na kwa kuwa haipigi kelele anadhani mashine imetulia. Ndani, hali si ya utulivu. Inameza mafuta mengi kwa mzunguko mdogo, joto linapanda, kaboni inajaa, mafuta yanaanza kulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni ndiyo inayolipa. Mashine nyingi za boti za mzigo huuawa hivi, taratibu, na propela ambayo haijawahi kushukiwa. Pichi ndogo mno nayo ina ubaya wake: mizunguko inapita kiwango, kikomo cha umeme kinaanza kukatakata moto, na mashine zisizo na kikomo hicho zinajiumiza.

Kanuni ya kubadilisha ni hii: kila inchi 1 ya pichi hubadili mizunguko 150 hadi 200. Punguza pichi, mizunguko inapanda. Tuchukue hesabu moja mpaka mwisho. Mashine ina uwiano wa gia wa 2 kwa 1, propela ni ya pichi 15, na mafuta wazi inafika 5,300. Propela inazunguka 2,650 kwa dakika. Inchi 15 ni mita 0.381, kwa hiyo bila mtelezo wowote boti ingekwenda kama mita 1,010 kwa dakika, au kilomita 60.6 kwa saa. GPS inasoma 49. Tofauti ni asilimia 19, na huo ndio mtelezo. Ni mkubwa kidogo. Boti nyepesi inayopanda vizuri huwa kwenye 10 hadi 15. Tunataka mizunguko 400 zaidi, kwa hiyo tunashuka inchi 2 hadi pichi 13. Ikifika 5,700, propela inazunguka 2,850, na mwendo wa hesabu ni kilomita 56.5. Hata GPS ikibaki palepale kwenye 49, mtelezo umeshuka hadi asilimia 13, boti inapanda haraka, na mashine haibanwi tena. Mwendo wa mwisho haukupotea. Watu wengi hukataa kushuka pichi wakiogopa kupoteza mwendo ambao mashine yao haikuwa na nguvu ya kuufikia.

Kadirio la mizunguko 150 hadi 200 ni la chuma kilekile na idadi ileile ya mapanga. Jaribu maji yakiwa shwari, tangi nusu, mzigo wa kawaida, kwenda na kurudi njia ileile ili upepo na mkondo vijifute. Andika mizunguko, mwendo wa GPS, na sekunde za kupanda. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Ukibadili kimo na propela siku moja, hutajua kipi kilichofanya kazi. Na safisha chini ya boti kwanza, maana kome na majani vinaweza kula mizunguko mingi na kukufanya ununue propela usiyoihitaji.

Tukija kwenye propela zenyewe, alumini ya mapanga matatu ndiyo inayokuja na mashine nyingi, na kwa hospawa 20 hadi 70 inastahili heshima kuliko inayopewa. Bei yake iko chini, inatengenezeka, na ikigonga mwamba panga linapinda au kukatika badala ya gia kuumia. Udhaifu wake ni kwamba chuma chake ni laini, hivyo mapanga hufanywa manene, na chini ya nguvu kubwa hupinda kidogo na kupoteza pichi wakati unapoihitaji. Kwenye mashine kubwa jambo hilo linaonekana wazi. Kwenye mashine ndogo halionekani kabisa. Kwa maji ya miamba na mchanga, hii ndiyo chaguo letu la kwanza, na ya pili kama hiyo iwe ndani ya boti kama akiba.

Stenlesi ni nyembamba, haipindi ikifanya kazi, na kwa kawaida ukingo wake wa nyuma umekunjwa kidogo mfano wa midomo ya kijiko. Mkunjo huo ndio wenye thamani: unashika maji yaliyochanganyika na hewa, kwa hiyo mashine inaweza kupandishwa tundu moja zaidi bila propela kuachia kwenye kona. Mkunjo huongeza mzigo kama vile pichi imepanda, basi propela yenye mkunjo ya pichi sawa na yako ya zamani itashusha mizunguko. Mwendo wa juu unaongezeka, hasa kwa boti nyepesi yenye nguvu. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya alumini, ni nzito na gia inagonga zaidi unapoingiza, na ikikutana na mwamba haivunjiki kwa wema. Kishindo kinakwenda kwenye habu, shafti na meno ya gia. Tena stenlesi kwenye mguu wa alumini ndani ya maji ya chumvi huharakisha kutu ya mguu, kwa hiyo zinki, vile vipande vinavyoliwa na kutu badala ya mguu, zikaguliwe mara nyingi zaidi na zisipakwe rangi kamwe. Kwa boti ya mwendo yenye hospawa 115 kwenda juu na maji yenye kina, tunaipendekeza bila kusita. Kwa boti ya kuvulia ya hospawa 40 inayokaribia miamba kila siku, hapana.

Mapanga manne ndiyo tunayoipenda zaidi kwa boti za mzigo na abiria, na tunashangaa inavyoulizwa na wachache. Eneo la mapanga ni kubwa, kwa hiyo boti inapanda ikiwa imejaa, inabaki juu kwa mwendo mdogo bila omo, yaani mbele ya boti, kuanguka, haiachii kwenye kona, na mtetemo unapungua. Ukirudi nyuma gatini inavuta kwa nguvu zaidi. Inachopoteza ni mwendo kidogo wa mwisho, ambao boti ya mzigo haiuhitaji. Kosa linalowapata wengi ni kununua pichi ileile ya ile ya mapanga matatu: mizunguko inashuka, na propela inalaumiwa. Shuka pichi inchi 1 unapohama kutoka matatu kwenda manne, kisha pima. Ya alumini inatosha.

Zile za plastiki ngumu zenye mapanga ya kubadilisha moja moja ni akiba nzuri, na tuishie hapo.

Jeki ya kupandishia mashine, ile inayofungwa kati ya kibao na mashine, ni kifaa kizuri kwa boti yenye mwendo au inayopita maji mafupi, kwa sababu unapata kimo cha katikati ya matundu. Ya boliti ni bora kwa wengi kuliko ya haidroliki, kwa bei na kwa kutoharibika. Ila inasogeza uzito wote wa mashine nyuma. Boti fupi yenye tezi iliyokwisha kuzama chini ya mashine ya mipigo minne haiitaki. Omo litainuka na itachelewa kupanda. Yale mabawa ya kufunga kwenye bamba la hewa kwa kutoboa matundu hatuyapendekezi kama tiba ya kwanza. Yanasaidia kuinua tezi, kweli, lakini mara nyingi yanafunika kosa la kimo au pichi ambalo bado lipo.

Boti inayotoka nyepesi na kurudi imejaa ichaguliwe kwa mzigo. Pichi ifae wakati wa kurudi, na wakati wa kwenda dereva asifungue mafuta yote. Ziwa la nyanda za juu nalo lina hesabu yake: kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari mashine hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu, hivyo kwenye mita 1,200 umepoteza karibu asilimia 12, na pichi iliyofaa baharini itakuwa kubwa kwa inchi 1 au 2.

Kabla ya kutupa propela, isome. Vidoa vya kuchimbika kama chuma kilichotafunwa, nyuma tu ya mchubuko kwenye ukingo wa mbele, ni maji yaliyochemka pale kwa sababu shinikizo limeshuka, bila joto lolote. Mapovu ya mvuke yanapasuka na kung'oa chuma. Ukingo ukinyooshwa na kulainishwa, uharibifu husimama. Kunyonya hewa ya juu ni jambo jingine: hakuachi alama, na tiba yake ni kimo au mwinamo. Mizunguko ikiruka lakini boti haina mwendo hata ukienda moja kwa moja, shuku habu ya mpira, ile ya ndani inayoshika shafti, imeachia. Chora mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye habu ya ndani hadi kwenye mwili wa propela, nenda majini kwa nguvu, rudi uangalie. Vipande viwili vya mstari visipokutana tena, habu imekwisha. Rudi taratibu kwa mizunguko midogo. Mara nyingi itakufikisha.

Kuifunga: toa klipu ya kuzimia mashine, tenga waya hasi wa betri, gia iwe huru. Weka kipande cha mbao kati ya panga na bamba la hewa, nyoosha kotapini, ile pini inayozuia nati isilegee, fungua nati. Propela ikitoka, angalia mshipi wa kuvulia uliojiviringisha nyuma yake. Uzi huo hukata sili ya shafti, maji yanaingia kwenye oili ya gia, na oili inageuka rangi ya maziwa. Utoe wote hata kama ni nyuzi mbili. Futa meno ya shafti, paka grisi isiyoondolewa na maji, rudisha washa ya msukumo upande uleule ilivyokaa. Washa hiyo ikisahaulika, propela inasukuma moja kwa moja kwenye giaboksi na kuitafuna. Kaza nati kwa kipimo cha kitabu, na kama tundu la kotapini halijaoana, kaza zaidi mpaka lioane, usilegeze. Kotapini iwe mpya ya stenlesi. Baada ya safari ya kwanza kagua nati tena.

Ndani ya boti viwemo propela ya akiba, nati, washa ya msukumo, kotapini mbili, spana ya saizi ya nati na kile kipande cha mbao, vyote kwenye mfuko mmoja uliofungwa kwa kamba, maana nati ikikuponyoka ukiwa umeinama tezi, inakwenda chini moja kwa moja.